Kubadilisha Kilicho Kizima



Msafiri atokaye pwani, ama Lindi ama Mtwara, akaishika njia ya Masasi, akishazipita Mtama na Nyangao hufika Nanganga, mahali ambapo barabara ya Ruangwa huchepuka mkono wa kulia, na njia kuu huendelea kulifuata bonde la Lukuledi hadi Ndanda na Masasi, ilhali upande wa kushoto uwanda wa juu wa Wamakonde umeinuka na kuuziba upeo wa macho. Hapo ndipo hupita korosho za Ruangwa, za Nachingwea na za Masasi zikienda bandari ya Mtwara, pamoja na baadhi ya zile za Newala ambazo wenyewe wameona heri kuziteremsha kwa upande wa Masasi; na atakayekaa hapo siku moja ya Novemba, msimu ukiwa umepamba moto na mvua za kwanza zikiwa zinanyatia, ni nadra kukosa kuliona lori limesimama kando, kabini imelazwa mbele, matawi mabichi yametandazwa barabarani kuwaonya wenye magari, na utingo amejilaza katika kivuli cha tela akingoja spea ambayo dereva amekwenda kuitafuta kwa pikipiki.

Leo sikuja kuzungumza namna ya kulitengeneza lori lililoharibika, maana mafundi wetu hawana haja ya kufundishwa kazi yao na redio. Nataka kuzungumzia jambo lililo gumu zaidi kwa mwenye mkoba, nalo ni kutoa fedha taslimu kununua kitu kipya na kukitia mahali pa kitu ambacho asubuhi ile ile kilikuwa kinafanya kazi bila lawama. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, na kila mwenye gari huisoma pindi aonapo mafuta yanadondoka. Walakini ufa huonekana kwa macho, na taabu ya lori lililotembea kilomita laki nane au milioni nzima ni kwamba viungo vyake vilivyo karibu kufa aghalabu haviuonyeshi ufa wowote.

Si haki kuwalaumu watu wa Kusini kwa mazoea yao ya kungoja mpaka kitu kivunjike, kwa sababu mazoea hayo yana historia yake. Reli iliyojengwa na serikali ya Kiingereza kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea ilidumu miaka michache tu baada ya mradi ule kuvunjwa mwaka 1951, kisha ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa, hata mzigo wa nchi hii yote ukawa juu ya magurudumu ya mpira. Na mradi wenyewe ulikuwa umekwisha kutoa somo ambalo halikupata msikilizaji: matrekta yake mengi ya kwanza yalikuwa masalio ya vita yaliyonunuliwa Ufilipino, na kabla ya mwaka 1947 kwisha zaidi ya nusu ya yale yaliyopelekwa kwenye mashamba yake ya Kongwa yalikuwa yamesimama, kwa kuwa wakubwa walihesabu idadi ya mashine wasihesabu umri wa viungo vyake, wala wasilete spea za kutosha.

Kisha ikaja dhiki ya baada ya vita vya Kagera, ambapo fedha za kigeni zilikuwa haba hata malori yaliyounganishwa hapa hapa nchini, yakiwemo yale ya Scania ya kiwanda cha TAMCO cha Kibaha, yakawa yanalala yadi kwa kukosa beringi moja. Wakati huo mtu aliyekuambia ubadilishe kilicho kizima ungemdhania ana wazimu, kwani hicho cha kubadilishia kingetoka wapi? Gasketi ilikatwa kwa karatasi ya boksi, bushi ya springi ikachongwa kutoka tairi kuukuu, na lori moja likachinjwa ili mawili yatembee. Madereva na mafundi wa zama hizo walikuwa na akili ya ajabu, nami nawavulia kofia. Lakini tangu mwaka 1984, serikali ilipoanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, hali imegeuka polepole hata leo kiungo kinachouzwa Gerezani, pale Kariakoo, hupakiwa kwenye basi Dar es Salaam na kikaweza kufika Masasi kesho yake. Dhiki imeondoka, na desturi iliyozaliwa na dhiki imebaki.

Desturi hiyo huisikia kila mtu aliyewahi kusimama karibu na dereva anayezungumza na mwenye mali kwa simu. Dereva husema, "Tajiri, huu mkanda umechoka." Tajiri huuliza, "Mtwara unafika, haufiki?" Dereva, ambaye ni mkweli na tena ameona mikanda iliyochoka zaidi ya huo ikifika mbali, hujibu, "Utafika." Tajiri humaliza, "Basi nenda, tutaangalia ukirudi." Kila neno katika mazungumzo hayo ni la kweli, na mkanda kweli hufika Mtwara, lakini tajiri ameuliza juu ya safari moja, wakati lori lina safari nyingi mbele yake, na kila atakaporudi swali litakuwa lile lile, mpaka siku ambayo jibu litatolewa na mkanda wenyewe.

Twende sasa kwenye mpira, maana mpira ndio kiungo kinachodharauliwa kuliko vyote. Wengi hudhani kwamba umri wa gari ni kilomita peke yake, ilhali mpira huzeeka kwa joto, kwa mafuta, kwa hewa na kwa miaka, hata lori likiwa limesimama chini ya mwembe. Na malori ya korosho yana maisha ya namna yake: hufanya kazi usiku na mchana kuanzia Oktoba mpaka Januari au Februari, kisha mengi hukaa miezi yakiokota mzigo mmoja mmoja. Mwenye lori huitazama mita, akaona kilomita chache tangu mwaka jana, akajipongeza. Nayo mipira ya radieta, mipira ya upepo wa breki na mikanda imeendelea kukauka bila kumwuliza. Mbali na hayo, wengi wetu hununua malori yaliyokwisha kutumika Ulaya kwa miaka mingi, na wala si siri kwamba mita nyingine zilirudishwa nyuma kabla ya kuvuka bahari, basi anayezitegemea hizo huwa ameamini ushahidi wa mtu asiyemjua.

Mtazameni fundi mzuri anavyoupima mpira wa juu wa radieta, ule upitishao maji ya moto kutoka injini. Haupimi kwa macho, maana kwa nje unang'aa, utingo ameupangusa kwa kitambaa chenye dizeli ili injini ionekane safi, asijue kwamba dizeli hiyo hiyo ndiyo inayoulainisha mpira na kuuharibu. Fundi hungoja injini ipoe, kisha huuminya mpira kwa kidole gumba na cha shahada, karibu kabisa na klipu, pale unapofunika shingo ya chuma, kwa kuwa hapo ndipo unapooza kwanza. Mpira wenye uhai hurudi mara kidole kinapouacha. Uliokwisha ama ni mgumu na hulia ndani kwa kukatika nyuzi, ama huzama na kubaki na alama ya kidole. Akiufungua na kuukata, huonyesha ndani nyufa nyembamba zilizokwenda kwa urefu, ambazo hakuna jicho lingeziona kwa nje, na ambazo zilikuwa zimebakisha unene mdogo tu kabla ya kukutana na hewa.

Sasa chukueni mpira huo muupeleke juu ya uwanda, upande wa Newala, ambako lori lenye magunia hukokota gia ndogo katika mchanga, upepo haulipozi kwa sababu halina mwendo, na injini inafanya kazi yake yote. Mpira ukipasuka hapo, maji huisha kabla dereva hajajua. Na juu ya uwanda huo, kama wajuavyo wenyeji, hakuna mto wala kijito. Tangu zamani watu waliteremka mabondeni kuteka maji, na mradi wa maji wa Makonde, ulioanzishwa tangu zama za ukoloni, ulikuja kwa sababu ya kiu hiyo. Dereva mwenye dumu moja la maji nyuma ya kiti, akiwa kati ya vijiji viwili, hawezi kulijaza radieta la Scania. Na yapo madhara ya pili ambayo wengi hawayajui: sindano ya joto iliyo mbele ya dereva hupima joto la maji, na maji yakiisha pale penye kipimo, sindano hiyo huweza kubaki chini au kushuka ikampa dereva amani ya uongo, naye akaendelea mita mia kadhaa akitafuta kivuli. Mita mia kadhaa hizo hutosha. Silinda hedi hupinda au hupasuka, gasketi huungua, pistoni hukwaruza, na habari inayofika kwa tajiri jioni ni maneno mawili tu: injini imenoki.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuandikwa, na si hesabu ya mpira. Kuna kufungua injini. Kuna lori la pili la kufaulisha mzigo, na vibarua wa kuufaulisha. Kuna posho ya dereva na utingo, na ya walinzi wa kulala na magunia. Kuna korosho zinazosubiriwa ghalani, na mnunuzi aliyekwisha kulipa. Na mvua ikishuka kabla turubai halijafungwa sawasawa, kuna jambo jingine ambalo sitaki hata kulitaja mbele ya mkulima anayenisikiliza.

Juu ya breki nitasema machache, kwa kuwa kila mtu huziogopa na kwa hiyo huziangalia. Barabara iteremkayo kutoka ukingo wa uwanda wa Newala kuelekea Masasi haitaki majaribio, na dereva mwenye busara huingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, asikanyage breki mpaka ngoma zikatoa moshi. Breki za upepo zina hifadhi moja njema, kwamba upepo ukiisha springi za magurudumu ya nyuma hujifunga zenyewe. Lakini hifadhi hiyo haiponyi lainingi iliyokwisha wala ngoma iliyochemka, na diaframu ya mpira iliyo ndani ya breki chemba ikichanika, gurudumu lake hukosa nguvu wakati dereva anakanyaga kwa matumaini yote. Diaframu ni kitu cha bei ndogo. Kwa lori kongwe, kungoja ichanike ndipo ibadilishwe ni ubahili usiokuwa na udhuru.

Baada ya maneno haya yumkini msikilizaji mmoja ataruka kitini aseme kwamba basi lori kuukuu lifunguliwe lote, kila kilicho ndani kitupwe, kitiwe kipya. Hapana, na hapa nitapingana na mafundi wengine wanaopenda kufungua. Katika vita vya pili vya dunia, mtaalamu wa elimu ya viumbe C. H. Waddington na wenzake, waliokuwa wakilifanyia utafiti jeshi la anga la Uingereza katika kikosi cha kuwinda nyambizi, waliona jambo la kustaajabisha: ndege zilizotoka katika ukaguzi wa kila saa 50 ziliharibika zaidi mara tu baada ya ukaguzi, kisha kasoro zikapungua kadiri ziendeleavyo kuruka. Mikono iliyozifungua kwa nia njema ilikuwa imezitia maradhi. Mwaka 1978, F. Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United la Marekani walitoa taarifa iliyoonyesha kwamba, katika vifaa vya ndege walivyovichunguza, takriban asilimia 11 tu ndivyo vilivyoonyesha kuchakaa kadiri umri unavyosonga. Vilivyosalia havikupata faida ya kubadilishwa kwa tarehe.

Mtu asiichukue habari hiyo kuwa ruhusa ya kulala. Vitu vinavyolika kwa kusuguana au kwa joto, kama matairi, lainingi, mikanda na mipira, hivyo umri wake hujulikana. Lakini giaboksi inayoingia gia zote bila kelele, na oili yake safi, ifunguliwe kwa nini? Pampu ya dizeli inayofanya kazi barabara, ikipewa filta mpya na dizeli isiyo na maji, iachwe na amani yake. Ninachotaka mwenye lori ajiulize juu ya kila kiungo si kwamba kina miaka mingapi, bali kikifa kitaua nini pamoja nacho, kitafia wapi, na je, huwa kinatoa taarifa kabla ya kufa. Stata hutoa taarifa. Huanza kusita asubuhi kadhaa, na ikifa kabisa watu husukuma, au lori huegeshwa mteremkoni na dereva akalala na wasiwasi wake. Beringi ya gurudumu hunguruma, kwa dereva mwenye masikio na asiyefungulia redio kwa sauti kubwa, hata ikiwa ni redio yetu hii. Mkanda wa feni haungurumi kila mara. Hukatika, na katika injini nyingi ukikatika umeondoka na pampu ya maji na altaneta kwa pamoja. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani angojewe na nani asingojewe.

Wenye Land Cruiser za injini ya 1HZ, ambazo hospitali na miradi mingi huku huzitumia, wana bahati ambayo mwenye lori hana: watengenezaji wameweka taa ndogo kwenye dashibodi inayowaka baada ya kilomita zilizopangwa kumwambia dereva kwamba mkanda wa taimingi umefika siku yake. Nimeona watu wakiiziba taa hiyo kwa plasta kwa sababu inawasumbua macho usiku.

Jambo ambalo mafundi wetu hulijua vema, na wenye mali hulichelewesha kwa kuhofia bei, ni kubadilisha vilivyo jirani wakati nyumba imekwisha kufunguliwa. Giaboksi ikishushwa kwa ajili ya klachi plate, kazi ngumu yote ya mnyororo na jeki imekwisha kufanyika, na hapo rilizi beringi iko wazi, na oili sili ya nyuma ya injini inatazamana na fundi uso kwa uso. Kuirudisha rilizi beringi ya zamani kwa sababu bado inazunguka, kisha ikalia baada ya miezi miwili, ni kulipa ushushaji wa giaboksi mara mbili kwa ajili ya kuokoa bei ya kiungo kimoja. Kadhalika pampu ya maji ikitolewa, mpira na mkanda ulio mbele yake usirudishwe kama una umri wa pampu.

Yote haya yanahitaji sharti moja, nalo ni kwamba kile kipya kiwe kizuri kuliko kile cha zamani. Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata bidhaa bandia mwaka baada ya mwaka, na spea za magari zimo miongoni mwake. Mkanda mzuri uliotumika nusu ya umri wake ni bora kuliko mkanda feki uliotoka kwenye boksi lenye picha nzuri. Kwa hiyo mwenye lori asiyekuwa na duka analoliamini afadhali asibadilishe kwa pupa, anunue kwanza, alinganishe na kile cha zamani kwa unene, kwa uzito na kwa maandishi yaliyochapwa juu yake, na amshirikishe fundi kabla ya kulipa, si baada.

Tatizo la mwisho ni la fedha, na kwa nchi ya korosho lina sura ya pekee. Lori hupata nafasi ya kufunguliwa kwa utulivu katika Julai, Agosti na Septemba, barabara zikiwa kavu na wakulima wakiwa wanapuliza salfa mikoroshoni. Lakini miezi hiyo ndiyo mkoba wa kila mtu huwa mtupu, mkulima na mwenye lori sawia. Fedha ipo Desemba, na Desemba lori haliwezi kusimama. Anayengoja vitu hivi viwili vikutane atangoja aushi yake yote. Heri kununua viungo vilivyoamuliwa mwishoni mwa msimu, Januari au Februari, malipo ya mwisho yakiwa hayajageuka bati la nyumba, na kuvihifadhi mpaka Julai. Mipira na mikanda ikae ndani ya mfuko, mahali penye giza na baridi, mbali na pipa la dizeli, wala isinunuliwe ya kutosha miaka mitatu kwa tamaa ya bei ya jumla.

Na yote haya yaandikwe. Daftari la senti chache linatosha: tarehe, kiungo, duka kilikonunuliwa, na kilomita. Kwa malori ambayo mita yake imekufa zamani, na ni mengi, mwenye lori aandike lita za dizeli, kwa kuwa risiti za kituo cha mafuta hazifi. Mtu anayejua kwamba lori lake hutumia lita fulani kwa kilomita mia anaweza kuukadiria mwendo wake kwa karibu sana. Daftari hilo likae na tajiri, na nakala ikae na dereva, maana dereva akihama huondoka na kumbukumbu zote kichwani mwake.

Wako watakaouliza kiungo cha zamani kilichotolewa kikiwa bado kizima kifanyweje. Lainingi, diaframu na mpira wa radieta vitupwe, na mpira ukatwe vipande viwili ili asije mtu akauokota na kuuuza. Mkanda wa feni ambao haujapasuka wala kung'aa pembeni uviringishwe, ufungwe kamba, uandikwe tarehe ya kutolewa kwake, na uwekwe chini ya kiti cha dereva pamoja na spana ya kuulegezea mkazo. Utaweza kulifikisha lori Nanganga kutoka Nyangao au kutoka Ndanda, na hapo dereva atafute mpya.